Nta, Nili na Pamba: Habari za Batiki ya Java

Mtu akisimama Lamadi, penye njia panda ya Mwanza, Musoma na Bariadi, huona vitenge vya kila rangi vimetundikwa mbele ya maduka. Mwendo mfupi kutoka hapo yako mashamba ya pamba. Basi pamba na nguo zakaa jirani, lakini hazijuani: pamba hutoka ikiwa nyeupe, nguo huja imekwisha kupambwa, wala hatuulizi imepita kwa nani. Leo twataka kuuliza.

Asili ya mapambo ya kitenge ni kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia. Huko mafundi, na wengi wao ni wanawake, huchora kitambaa cha pamba kwa nta ya moto. Kalamu yao huitwa canting: ni kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini wa kushikia. Kisha kitambaa hutiwa katika rangi. Palipo na nta rangi haiingii. Pasipo na nta huingia. Baadaye nta huyeyushwa kwa maji ya moto, na kazi huanza tena kwa rangi ya pili. Zamani rangi kubwa zilikuwa mbili: buluu ya nili, na hudhurungi ya maganda ya miti. Nguo moja njema yaweza kumshughulisha fundi kwa miezi.

Tena mapambo hayo yana maana. Pambo liitwalo parang, lenye mistari ya mshazari kama mawimbi, lilikuwa la jamaa ya wafalme wa Yogyakarta na Surakarta. Mtu wa kawaida alikatazwa kulivaa mbele yao. Pambo la kawung, lenye mayai manne yaliyokutana, latokana na tunda la mti wa jamii ya mnazi.

Katika karne ya 19 Java ilitawaliwa na Waholanzi. Wenye viwanda wa Ulaya waliona kazi hiyo ya mikono, wakadhani mashine itaishinda. Katika mji wa Helmond, Uholanzi, kiwanda kijulikanacho leo kwa jina la Vlisco kilianzishwa mwaka 1846. Waholanzi walipiga chapa kwa utomvu badala ya kuchora kwa nta. Lakini utomvu ulipasuka, rangi ikapenya, nguo ikawa na vijistari kama nyufa. Watu wa Java waliona kuwa hiyo ni kasoro. Mafundi wao nao hawakulala: walitengeneza mihuri ya shaba, iitwayo cap, wakapiga nta upesi na kuuza kwa bei nafuu. Ndipo wafanya biashara wa Ulaya walipopeleka nguo zao Afrika ya Magharibi mwishoni mwa karne hiyo. Huko nyufa zile zilipendwa, na baadaye nguo za namna hiyo zikaenea hata kwetu, zikaitwa vitenge.

Sasa tutazame kwetu. Katikati ya karne ya 19 wafumi wa Unyamwezi na Ufipa walikuwa na vitanda vyao vya mfumi, wakifuma nguo nene za pamba ya nchi. Zilikuja merikani na nguo nyingine za ng'ambo, nyepesi na rahisi, na vitanda vile vikanyamaza kidogo kidogo. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kikapiga chapa khanga na vitenge. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado huuzwa nje kabla ya kufumwa.

Kwa nini fundi wa Java alisalimika, na mfumi wetu hakusalimika? Sababu si moja. Lakini mojawapo ni hii: mnunuzi wa Java alijua kutofautisha kazi na kazi, na fundi wake alikubali kubadili chombo bila kuacha ufundi. Ufundi hulindwa kwa mikono ya mtengenezaji na kwa macho ya mnunuzi pia.

Mlango haujafungwa. Siku hizi wako wanawake wa Tanzania watengenezao batiki kwa nta, rangi na mihuri ya kujichongea. Mbinu imetoka mbali, nasi hatuoni haya kuikiri; maana hata neno leso lilitoka kwa Wareno, na leo hakuna asemaye kuwa si letu.

Basi mwendapo dukani, pindueni nguo. Iliyotiwa rangi kwa nta huonyesha mapambo yake pande zote mbili. Iliyopigwa chapa kwa haraka hupauka upande wa ndani. Nanyi wanafunzi, mkiisha kujua hayo, waulizeni wazee wenu ni nani aliyekuwa mfumi wa mwisho katika ukoo wenu, mwandike jina lake.