Shada ambalo halikuwekwa mezani

Anayetaka kupamba sebule yake kwa maua kwa namna inayoitwa ya kale, yaani kwa shada kubwa kuliko chombo chake, lenye maua ya kila aina yaliyopangwa kwa umbo la yai lililosimama, huenda akadhani kwamba anafuata desturi ya nyumba za matajiri wa Ulaya. Sisi nasi tulidhani hivyo. Kumbe shada hilo halikuanzia mezani. Lilianzia kwenye bamba la shaba, mikononi mwa mchoraji, na aliyelingoja alikuwa Askofu mkuu wa Milano.

Jan Brueghel alizaliwa Bruxelles mwaka 1568, mwana wa mchoraji Pieter Bruegel. Katika ujana wake alisafiri hadi Italia, na huko Roma akafahamiana na Federico Borromeo, binamu wa Mtakatifu Karoli Borromeo. Federico alipofanywa Askofu mkuu wa Milano mwaka 1595, Jan alimfuata huko. Mwaka uliofuata akarudi kwao, akaishi Antwerpen mpaka kufa kwake. Urafiki wao haukukatika. Barua za Jan zingali zinatunzwa Milano, katika maktaba ya Ambrosiana ambayo Kardinali mwenyewe aliianzisha, nazo ndizo zinazotuwezesha kuifuata kazi hii tangu kuanza hata kumalizika.

Mwezi wa nne wa mwaka 1606 Jan aliandika kwamba ameanza kumchorea Kardinali picha ya maua, zaidi ya mia moja, yote kwa kuyatazama yenyewe yakiwa hai. Aliongeza kwamba amekwenda mpaka Bruxelles kuchora maua kadhaa yasiyopatikana Antwerpen. Mwezi wa nane akaandika tena kwamba picha imekwisha.

Tuitazame miezi hiyo kwa makini. Sisi tuliozoea mvua na kiangazi hatuoni upesi shida iliyomo, lakini katika nchi zile baridi kali huyaua maua yote ya bustani, kisha kila aina hurudi kwa zamu yake. Narsisi na tulipu hutangulia, irisi hufuata, waridi na yungiyungi huja baadaye, wakati ambapo tulipu zimekwisha kunyauka zamani. Basi maua yale mia na zaidi hayakupata kukaa pamoja hata siku moja. Mchoraji alilazimika kungojea kila moja lifunguke, alikimbilie kabla halijafifia, kisha angojee jingine. Shada lililo kamili pichani halikuonwa na mtu yeyote, hata na yeye aliyelichora.

Wala lisingeweza kusimama. Mdomo wa chombo ni mwembamba mno kwa vikonyo vingi namna hiyo. Yale makubwa yenye vichwa vizito, yungiyungi na irisi, yako juu kabisa. Madogo yako chini, karibu na ukingo. Tena karibu kila ua linatuonyesha uso wake, halikufunikwa na jirani. Anayepanga maua ya kweli anajua kwamba vichwa hufichana na hupeana migongo.

Chini ya chombo, juu ya meza, Jan alichora kito, sarafu na kombe za baharini. Katika barua yake alimwachia Kardinali aamue kama maua hayashindi dhahabu na vito. Naye Kardinali, katika kitabu alichokitoa mwaka 1625 juu ya picha zake, alisimulia kwamba alimlipa mchoraji kwa kadiri ya thamani ya kito kile. Hapo tunakiri kwamba tulisita. Tulipu ilikuwa bado mgeni wa gharama: ilitoka Uturuki, na katika bustani ya chuo kikuu cha Leiden, iliyosimamiwa na mtaalamu Clusius, ilichanua mara ya kwanza mwaka 1594. Baadaye Waholanzi waliuziana matunguu yake kwa bei za kichaa, mpaka soko likaanguka mwezi wa pili wa mwaka 1637. Mtu aweza kusema kwa haki kwamba picha hizi ni majivuno ya wenye mali.

Lakini Kardinali huyohuyo aliandika pia kwamba, majira ya baridi yanapofunika kila kitu kwa barafu, yeye hufurahia kuyatazama maua yaliyochorwa, hata kuiwazia harufu yake, kwa sababu rangi zake hazipiti upesi kama zile za bustanini. Maneno hayo si ya mtu anayehesabu mali. Ni ya mtu aliyeyakosa maua.

Wachoraji wa Uholanzi waliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Jan van Huysum wa Amsterdam aliandika mwaka 1742 kumweleza mnunuzi kwa nini picha yake haijakamilika: hakupata waridi la manjano, basi itabidi kungoja mwaka mwingine.

Ni baadaye ndipo watu walipojaribu kuyahamisha mashada ya pichani yakae mezani kweli. Huko London, Constance Spry, aliyefungua duka lake la maua mwaka 1929, aliitazama sana michoro ya Waholanzi wa kale, akachanganya maua na majani ya kabichi, nyasi na matunda ya porini, mambo yaliyowashangaza wateja wake. Chomboni alisokota wavu wa waya, ule wa kuzungushia kuku, ili kila kikonyo kipate pa kushikilia. Kwa waya huo, yasiyowezekana pichani yakawezekana kwa sehemu.

Namna yenyewe haina siri kubwa. Majani hutangulia, yakichora umbo na kimo, kwa kawaida mara moja na nusu ya urefu wa chombo. Maua mazito na yenye rangi nzito huwekwa chini, katikati. Mepesi hupanda juu na kutoka pembeni. Machache hugeuzwa nyuma, ili shada lisiwe kama watu waliopangwa kupigwa picha. Vikonyo hukatwa mshazari, majani yatakayozama majini huondolewa, na maji hubadilishwa mara kwa mara.

Sisi tulilijaribu kwa maua ya uani kwetu. Mara ya kwanza tulimfuata Brueghel kwa uaminifu, tukaweka kana zenye vichwa vikubwa juu kabisa katika jagi la plastiki, na jagi likapinduka likamwaga maji juu ya madaftari ya watoto. Mara ya pili tukatia mawe ndani ya jagi, kana tukazishusha, bugenvilia tukaziacha zining'inie pembeni, na katikati tukaweka ibiskusi moja nyekundu. Ua hilo haliishi zaidi ya siku. Jioni, kabla ya sala, lilikuwa limekwisha kujifunga. Asubuhi mtoto alitoka uani kutazama kama jingine limefunguka.