Mbivu na Mbichi: Ndege Zisizo na Rubani na Uvunaji wa Kahawa, Kutoka Kauai Hadi Goma

Kupambanua mbivu na mbichi ni elimu kongwe ya mkulima. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi elimu hiyo ilivyoanza kukabidhiwa ndege isiyo na rubani, na kwa nini historia ya chombo hicho mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, ilifuata njia nyingine.

Tuanze na mwaka 2002. Tarehe 17 Januari lava ya volkano Nyiragongo ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Mwezi Septemba mwaka huohuo, shirika la NASA la Marekani lilirusha Pathfinder-Plus, ndege iendeshwayo kwa nishati ya jua, juu ya shamba la kahawa kisiwani Kauai, Hawaii. Rangi za picha zake zilichambuliwa ili kukadiria ni vitalu vipi vilivyokwisha kuiva. Huko kahawa huvunwa kwa mitambo. Lililotakiwa kujulikana, basi, ni hali ya kitalu kizima.

Goma nayo ilipata ndege zisizo na rubani, lakini si kwa ajili ya mavuno. Tarehe 3 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulizindua hapo ndege za Falco, zilizotengenezwa Italia na zisizobeba silaha, ili kufuatilia nyendo za makundi yenye silaha. Hapana budi kuukumbuka mwanzo huo, hasa baada ya mji kutwaliwa na M23 Januari 2025: kamera iwezayo kuhesabu matunda yaweza pia kuhesabu watu. Mkulima akiishuku, hashuku bure.

Isitoshe, mashamba yenyewe hayafanani. Katika Kivu kahawa ya arabika hulimwa zaidi na wakulima wadogo, aghalabu chini ya migomba, na tawi moja huwa na matunda ya kijani na mekundu kwa pamoja. Mchumaji huchagua kwa mkono tunda baada ya tunda, ilhali jicho la angani huona majani. Yamkini mfano ulio karibu zaidi ni Nuru, programu ya simu iliyofunzwa kutambua maradhi ya muhogo kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania. Mashine hiyo haikujua kitu mpaka wajuzi walipoipa kila picha jina lake.

Hapo ndipo lugha inapohusika. Kiswahili hutenga kupevuka na kuiva: mkungu wa ndizi hukatwa ukiwa umepevuka, nao bado mbichi, kahawa hungojwa mpaka iive. Atakayeziita hali hizo mbili kwa jina moja ataifunza mashine kosa, na hasara itamwangukia mchumaji. Kwa hiyo, iwapo ndege hizo zitarudi Kivu kwa ajili ya mavuno, mwalimu wao wa kwanza hana budi kuwa mkulima mwenyewe, na picha zikabaki mikononi mwake.