Makao ya Buibui wa Shimoni

Mji wa Isiolo ulipata sifa duniani kwa sababu ya simba. Mwezi wa Februari 1956, George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama wa pori akikaa Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kuwa ameacha watoto watatu. Wawili kati yao walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, nchini Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy, akafunzwa kuwinda, na mwisho akarudishwa porini katika nchi ya Meru. Joy aliieleza habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, na wasomaji wengi wakabaki na swali moja: amfugaye kiumbe wa pori ana deni gani kwake?

Deni la chakula hakuna asiyelijua. Deni la makao ndilo husahauliwa, hasa kiumbe mwenyewe akiwa mdogo. Na tulipime swali hilo kwa habari za buibui mkubwa wa nyika zetu, ambaye wageni humwita tarantula.

Katika nyika za Kenya na Tanzania yuko buibui mmoja mnene, mwenye rangi ya kutu na miguu ya nyuma minene ya kuchimbia. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Ferdinand Karsch, alimpa jina la Pelinobius muticus. Mwaka 1900 Reginald Pocock, wa Jumba la Makumbusho la London, akampa jina jingine, Citharischius crawshayi. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla wataalamu hawajakubaliana kwamba majina hayo mawili ni ya buibui mmoja. Sababu yake si ngumu kuelewa: wataalamu wale wa zamani walimjua akiwa maiti ndani ya chupa ya spiriti, na buibui aliyekufa haombi nyumba.

Mambo yalibadilika watu walipoanza kuwaweka buibui hawa wakiwa hai. Huko Marekani, Profesa William Baerg wa Arkansas aliwatunza na kuwachunguza kwa miaka mingi, akachapisha kitabu chake mwaka 1958. Tangu miaka ya 1980 ufugaji huo ukaenea sana Ulaya na Marekani, na ndipo buibui wa Afrika alipoonekana kuwa mkali kupita wenzake. Wengi wa buibui wakubwa wa Marekani wana manyoya yanayowasha, ambayo humrushia adui. Wa Afrika hana silaha hiyo. Ngao yake ni shimo. Akiwekwa katika sanduku lenye mchanga kidogo, hainui miguu na kutisha kwa sababu ya ubaya wa tabia. Yeye ni mkimbizi aliyenyimwa mlango.

Basi makao yake yawe ya namna gani? Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jambo la kwanza ni udongo wa kina kirefu, uliochanganywa mchanga na mfinyanzi kidogo, ukashindiliwa ili shimo lisibomoke. Jiwe likitumiwa, liwekwe chini kabisa kabla ya udongo kumiminwa. Likiwekwa juu, buibui atachimba chini yake na litamwangukia. Kipande cha chungu kisichopakwa rangi hufaa, na kifuu cha nazi hufaa pia, mradi kingo zake zisuguliwe. Wafugaji wa Ulaya hupenda gome la mti wa kizibo, litokalo Ureno na Hispania, kwa kuwa ni jepesi na halina harufu kali. Wavu wa chuma haufai, maana kucha za buibui hunasa humo.

Uangalifu huu si wa bure. Buibui huinyosha miguu yake kwa msukumo wa damu, na tumbo lake ni laini. Ukingo mkali au anguko dogo laweza kumwaga uhai wake. Hatari huzidi anapojivua gamba, kwani wakati huo mwili wake wote ni mwororo na hawezi kujitetea.

Kuhusu sumu, mtu wa Isiolo ana elimu ambayo mgeni huinunua kwa hasara. Mfugaji wa ng'ombe huwaogesha mifugo wake kwenye josho ili kuua kupe. Kupe ana miguu minane, naye ni wa kundi moja na buibui; dawa imwuayo huyu humwua na yule. Kwa hiyo ubao uliokaa karibu na josho usiwe kamwe paa la buibui. Hali kadhalika pareto, zao lililoiletea Kenya fedha nyingi katika karne ya 20: lilipandwa ili liue wadudu, na halichagui. Hata nguzo ya mwerezi, tunayoisifu kwa kuwa mchwa hawaili, wafugaji huiepuka kwa ajili ya mafuta yake makali. Kinachoulinda ua wetu chaweza kumdhuru mpangaji wetu.

Lakini ujuzi wa makao waweza pia kutumika vibaya. Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliotiwa katika mirija zaidi ya 2,000 yenye pamba, ili waishi hadi wafike kwa wanunuzi ng'ambo. Mwezi wa Mei mahakama iliwahukumu kulipa faini ya shilingi 1,000,000 kila mmoja, au kufungwa mwaka mmoja. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuandikwa kwa ajili ya ndovu na simba peke yao. Mirija ile ilitengenezwa kwa ustadi, nayo ilikuwa makao ya wizi.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukikuta nyikani shimo la mviringo lililotandwa hariri mlangoni, usichokonoe kijiti. Buibui jike wa shimoni huishi miaka mingi, na pengine aliye humo alikuwamo kabla hujaanza shule. Amekwisha kuchagua udongo, kina na kivuli, wala hatuna ubao wala chungu kinachopita alichojijengea. Elsa alirudishwa porini kwa taabu kubwa. Huyu hahitaji kurudishwa, ila aachwe.