Dawa Ndani ya Gurudumu

Neno "mpira" katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Ni kile wanachokikimbilia vijana uwanjani. Ni bomba la kumwagilia bustani. Ni utomvu mweupe utokao katika mti. Na ni ule mfuko mweusi wa pikipiki ambao fundi wa pancha huuzamisha ndani ya karai la maji akitafuta mapovu. Lugha yetu haikukosea kuvipa vyote hivyo jina moja, maana vyote vilitokana na jambo moja, nalo ni jeraha la mti. Mti wa mpira ukikatwa hutoa utomvu, na utomvu huo ukikaa katika hewa huganda na kuziba kidonda. Mti haukuuweka utomvu ule ili sisi tupate magurudumu. Unajitibu.

Nimeanza hapo kwa sababu historia ya dawa ya pancha, yaani yale maji mazito yanayomiminwa ndani ya matairi ya pikipiki ili yazibe matundu na kusawazisha mzunguko, kwa kweli ni historia ya binadamu kujaribu kulirudishia gurudumu uwezo ambao mti ulikuwa nao tangu mwanzo. Ni historia ya kitu kidogo, lakini ndani yake mna swali kubwa: je, ni heri kutosumbuliwa, au ni heri kujua?

Gurudumu la upepo lilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1845, pale Mskochi aitwaye Robert William Thomson, kijana wa miaka 23, alipopata hataza ya gurudumu lililozungushiwa mfuko wa turubai uliopakwa mpira, ukajazwa hewa na kuvikwa ngozi. Lakini wakati huo hapakuwa na baiskeli wala motokaa za kulihitaji, na mpira ulikuwa ghali. Uvumbuzi ule ukalala. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1888 mjini Belfast, ambako Mskochi mwingine, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, alimtengenezea mwanawe matairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano mjini humo akiwa juu ya matairi hayo, na dunia ikageuka. Hata ilipogunduliwa mwaka 1890 kwamba hataza ya Dunlop haikuwa na nguvu kwa kuwa Thomson alimtangulia, hakuna aliyejali. Watu walikuwa wamekwisha kuonja ulaini wa safari, nao hawakutaka kurudi kwenye magurudumu ya chuma.

Pamoja na ulaini ule ilikuja pancha. Gurudumu la mbao na chuma halitobolewi na msumari, bali la upepo hutobolewa, na barabara za siku zile zilijaa misumari iliyoanguka kutoka katika kwato za farasi. Tairi la Dunlop lilibandikwa kwa gundi kwenye gurudumu. Masimulizi ya kampuni ya Michelin husema kwamba mwaka 1889 Mwingereza mmoja alifika kiwandani kwao Clermont-Ferrand, Ufaransa, na pancha moja tu. Kulibandua tairi na kuliziba kulichukua saa tatu, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Ndugu wawili wa familia ile wakatengeneza tairi linalofunguka, na mwaka 1891 Charles Terront akashinda nalo mbio za kilomita 1,200 kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Mwaka 1892 waliandaa mashindano mengine, na inasimuliwa kuwa misumari ilimwagwa njiani makusudi ili watu wote waone jinsi pancha ilivyo jambo dogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1894, kiwanda cha Hildebrand & Wolfmüller cha Munich kilianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, nayo ilikuwa na matairi ya upepo. Tangu siku hiyo pikipiki na pancha ni ndugu wa tumbo moja.

Haifai kupita hapa bila kuuliza mpira wote huo ulitoka wapi. Sehemu yake ilitoka kwetu. Katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki kulikuwa na mimea itambaayo, jamaa wa mbungo ambao watoto wa pwani wanaujua kwa matunda yake, na utomvu wake ulikuwa bidhaa ya biashara. Mmoja wa mimea hiyo hata leo una jina la kitaalamu linalotokana na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Lakini mahali palipolipa gharama kubwa kuliko pote ni Kongo, iliyokuwa tangu mwaka 1885 mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa rehani, na askari walitakiwa kuleta viganja vya mikono kuthibitisha kwamba risasi zao hazikupotea bure. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na maandishi ya E. D. Morel ndiyo yaliyowafumbua macho watu wa Ulaya, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile, ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Mwendesha baiskeli wa Paris hakuisikia sauti yoyote kutoka Kongo. Alichosikia ni ukimya wa gurudumu lake juu ya mawe. Naliweka jambo hili moyoni kila nisikiapo mtu akisifu chombo kwa kuwa hakimsumbui.

Turudi kwenye dawa. Tamaa ya tairi linalojiziba ni ya zamani karibu sawa na pancha yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Buffalo katika jimbo la New York kulikuwa na kampuni iliyouza maji ya kutia ndani ya matairi ya baiskeli kwa jina la Neverleak. Waendesha baiskeli wa mashindano nao walijua kutia maziwa ya kopo ndani ya matairi yao, kwani maziwa hugandia kwenye tundu. Huku kwetu aliyepata pancha mbali na fundi alijaza nyasi ndani ya tairi la baiskeli, akafika nyumbani akiruka kama panzi, lakini akafika. Vita Kuu ya Pili ilileta somo jingine: matangi ya petroli ya ndege yalifunikwa kwa tabaka la mpira mbichi ambao, risasi ikipenya, ulinyonya petroli, ukavimba na kuliziba tundu. Mwaka 1947 kampuni ya BFGoodrich ya Marekani ilitangaza tairi lisilo na mpira wa ndani. Pikipiki zilichelewa kulipokea, kwa sababu gurudumu la spoki lina matundu mengi yanayopitisha hewa. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, magurudumu ya kusubu yalipoenea, ndipo tairi hilo lilipoanza kuwa la kawaida kwa pikipiki kubwa. Na mwaka 1989 huko California ilianza kuuzwa dawa ya rangi ya kijani iitwayo Slime, ambayo rangi yake ilikuja kuigwa na wengi.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ndani ya chupa mna kimiminika kizito cha jamii ya glaikoli, kisichokauka upesi, kilichochanganywa na nyuzi fupi na punje za mpira. Dawa nyingine zina utomvu wa mpira wenyewe, uliozuiwa usigande kwa kutiwa amonia. Gurudumu likizunguka, dawa hutupwa nje na kutandaa chini ya uso wa tairi. Msumari ukitoboa, upepo hukimbilia tundu ukiwa umebeba nyuzi na punje. Hizo hukwama, hushikana, na tundu hufunga. Ndiyo kazi ile ile ya utomvu katika gome la mti. Lakini mipaka yake lazima isemwe. Huziba matundu madogo ya usoni, si mpasuko wa ubavuni, kwa kuwa ubavu hukunjwa kila mzunguko na kizibo hakikai. Katika mpira wa ndani haifanyi vizuri kama katika tairi lisilo na mpira, kwa sababu mpira wa ndani ni mwembamba na tundu lake hutanuka. Huweza kuziba vali. Na siku fundi anapotaka kubandika kiraka, solusheni haishiki mpaka utelezi wote usafishwe. Ndiyo maana mafundi wengi huiona chupa ile kwa jicho baya.

Kazi yake ya pili, ya kusawazisha, ni ya ajabu zaidi. Chukua gurudumu la pikipiki lenye upana wa sentimita 60 ambalo upande mmoja una gramu 20 za ziada. Likiwa limesimama, gramu 20 si kitu. Lakini kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gurudumu hilo huzunguka mara 13 hivi kila sekunde, na gramu zile huvuta nje kwa nguvu ya uzito wa kilo 4. Ndipo usukani unapotetemeka na tairi kulika kwa mabaka. Mafundi wa zamani walitibu hali hiyo kwa kufunga kipande cha risasi kwenye spoki iliyokabili upande mzito. Lakini wapo waliofikiri: kwa nini uzito usijitafutie mahali pake wenyewe? Mwaka 1916 Mfaransa Maurice Leblanc alipewa hataza nchini Marekani ya kifaa cha kusawazisha vitu vizungukavyo kwa kutumia kimiminika, na mwaka 1932 E. L. Thearle akaeleza kifaa cha namna hiyo kinachotumia gololi. Mashine nyingi za kufulia nguo zina pete yenye maji ya chumvi inayofanya kazi hiyo hiyo.

Ila kuna sharti moja. Kila kitu kilichowekwa juu ya springi kina kasi yake ya asili ya kutikisika. Gurudumu likizunguka polepole kuliko kasi hiyo, kimiminika hukimbilia upande ule ule uliokwisha kuwa mzito, na kuongeza mtikiso. Likiipita kasi hiyo, hugeuka na kwenda upande mwepesi, na mtikiso hutulia. Kwa maneno mengine, dawa ya kusawazisha haimsaidii anayejikongoja. Humsaidia aliyekwisha kushika mwendo. Zaidi ya hayo, dawa nzito sana haiwezi kuhama inavyopaswa, na pikipiki iliyolala siku nyingi hukuta dawa yote imetuama chini, kwa hiyo kilomita za kwanza huyumba. Ndiyo sababu wazee wa kazi hawajaviacha vipande vyao vya risasi.

Kwa mwenye motokaa haya huenda yakawa mazungumzo ya kupitisha muda. Gari likipata pancha moja lina matairi matatu ya kulishikilia. Pikipiki ina moja tu. Na siku hizi pikipiki si chombo cha starehe. Neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipotunga kanuni za pikipiki za biashara mwaka 2010, kazi ile ikawa ajira ya vijana wasiohesabika na usafiri wa mama mjamzito, mwanafunzi na mgonjwa. Kijana huyo hana muda wa kukaa kwa fundi, kwa kuwa kila saa ya kusimama ni pesa ya tajiri wake inayopungua. Chupa ya dawa kwake si anasa.

Nilipata kukaa kwenye benchi la mzee mmoja fundi wa pancha wakati kijana wa namna hiyo alipoleta pikipiki yake. Hakuleta pancha, alitaka tu kubadilisha tairi la nyuma lililokwisha. Mzee alipolifungua, ute wa kijani ulimwagika, na usoni mwa tairi akang'oa misumari miwili iliyokwisha kufanya kutu. Kwa ndani, nyuzi za tairi zilikuwa zimeanza kuachana.

"Mwanangu, hii umeibeba tangu lini?"

"Sijui, mzee. Tairi halikupungua upepo hata siku moja."

"Ndiyo. Halikukwambia, na wewe hukuliuliza."

Hakumkaripia, wala hakumwambia aache dawa. Alimwonyesha jinsi ya kupitisha kiganja juu ya tairi kila asubuhi, kuutafuta msumari kwa macho, na kupima upepo badala ya kulipiga teke. Kisha akasema kwamba dawa ni ya kumfikisha mtu kwa fundi, si ya kumwepusha na fundi.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Watengenezaji makini nao husema jambo hilo hilo katika maelezo yao: tairi lililotobolewa likaguliwe na lizibwe kwa ndani mapema iwezekanavyo. Lakini nani husoma maandishi madogo mgongoni mwa chupa? Zamani pancha ilikuwa mjumbe asiye na adabu. Ilimsimamisha mtu juani, ikamlazimisha kulitazama tairi lake. Dawa imemnyamazisha mjumbe yule. Kazi aliyokuwa akiifanya kwa nguvu, sasa lazima mwenye chombo aifanye kwa hiari, kwa jicho na kwa kiganja, hasa akiwa amempakia mtoto wa mwenzake.

Mti wa mpira huziba kidonda chake kwa utomvu, lakini haukomi hapo: chini ya utomvu ulioganda huotesha gome jipya. Hilo la pili hakuna chupa iliyoweza kuliuza.