Hekaya, Hadithi na Dai: Jinsi Kiingereza Kilivyozipokea Habari za Mombasa

Mwishoni mwa Agosti 1697, katika mazingiwa ya Ngome ya Yesu, alifariki António Mogo de Melo, kamanda wa Kireno. Waomani walikuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696, na maradhi yalikuwa yamewamaliza karibu Wareno wote waliokuwamo ndani. Aliyeshika amri baada ya kifo chake alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu na mtu wa pwani, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane Waafrika na wanawake hamsini. Watu hao ndio walioilinda ngome ya mfalme wa Ureno hata Septemba, msaada ulipowasili kwa bahari.

Habari hii ni ya ajabu. Mswahili wa visiwa vya kaskazini analinda ngome yenye jina la Yesu dhidi ya Waislamu wenzake, na askari wake wengi ni wanawake. Lau ingalisimuliwa na wazee wa Mji wa Kale barazani, bila hati yoyote ya kuishuhudia, tungalitazamia kuikuta katika vitabu vya Kiingereza chini ya jina la hekaya. Lakini imo katika hati za Kireno, na kwa sababu hiyo waandishi wa Kiingereza, akiwamo James Kirkman aliyeichimba na kuitunza ngome hiyo, wameiandika kama jambo lililotukia, bila neno la shaka. Nami siitilii shaka. Ninaloliuliza ni hili: Kiingereza huzigawaje habari zionekanazo kuwa haziyumkiniki, na mgawanyo huo umeifanyia nini historia ya Mombasa, na hata Kiswahili chetu cha kuandikia historia?

Tuanze na lugha yenyewe. Waingereza wana hazina kubwa ya misemo ya kueleza wazo lisiloelekea kuwa kweli. Husema wazo hilo halishiki maji, kana kwamba ni mtungi uliotoboka. Au ni refu kupita kiasi. Au ni kisa cha jogoo na fahali. Au ni maneno ya wake wazee. Au ni la kupokelewa pamoja na chembe ya chumvi. Msemo utumikao sana katika maandishi ya wataalamu ni ule ambao maana yake ya asili, tangu karne ya 16, ni kitu “kilicholetwa kutoka mbali”. Kwa watu ambao nguo, vyombo vya kaure na tende zao zililetwa kutoka mbali kila mwaka kwa pepo za musimu, sifa hiyo haikuwa ya kutia shaka hata kidogo. Kitu cha mbali kilikuwa na bei.

Kiswahili nacho hakikukosa maneno ya shaka. Tuna “ati”, ambayo peke yake yaweza kuibomoa sentensi nzima. Tuna “yasemwa”, “uzushi”, “porojo”, na “muhali” kwa lisilowezekana kabisa. Msimulizi mwangalifu humaliza kwa kusema kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi. Zaidi ya hayo, lugha yetu huutangaza uongo wa halali mlangoni. Anayesema “Paukwa!” na kujibiwa “Pakawa!” amekwisha kuwaarifu wasikilizaji kuwa yafuatayo ni ngano, na hakuna atakayemshitaki kwa kusema kuwa sungura alizungumza. Habari za mji, za nasaba na za wafalme hazianzi hivyo. Huanza kwa kutaja aliyezipokea na aliyempa, kwa desturi iliyojengwa juu ya elimu ya hadithi za Mtume, ambamo ukweli wa neno hupimwa kwanza kwa mnyororo wa walioliwasilisha. Mtaalamu wa Kiingereza alipozikuta ngano na habari zote mbili midomoni mwa wazee, alizitia katika kapu moja na kuliandika jina moja. Kosa la kwanza lilikuwa la uainishaji wa fasihi, kabla halijawa la historia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulianza katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kiingereza, alisafiri kwenda Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya mlima mrefu, akadhani kwanza kuwa ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake, jibu alilopata lilikuwa neno moja, nalo ni “baridi”. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji. Mwaka uliofuata habari yake ilichapishwa huko Uingereza, na mwenzake Krapf naye akauona mlima wa Kenya ukiwa na weupe kama huo.

William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alikataa. Katika kitabu chake cha 1852 aliieleza theluji hiyo kuwa jambo la fikra za mwenye kuona, wala si la macho yake. Yafaa tumtendee haki: Cooley hakuwa mjinga, na mmoja wa waliompa habari alikuwa Khamis bin Uthman, mtu wa pwani aliyefika London katika miaka ya 1830. Lakini alimwamini Mswahili pale tu Mswahili alipoafikiana na ramani yake. Wala hoja kuwa theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta haikuwa na nguvu, kwani Humboldt alikwisha kuupanda Chimborazo, mlima wenye theluji ulio karibu sana na ikweta, mwaka 1802. Lililokuwa yumkini Amerika ya Kusini likawa muhali Afrika. Von der Decken alipokwenda mwaka 1861, na tena 1862, akarudi na vipimo, Cooley hakukubali pia. Alifariki 1883.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa Wazungu wawili, Mjerumani aliyeona na Mwingereza aliyebisha, na Bwana Kheri husahauliwa. Hali neno lake lilikuwa ushahidi. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la theluji katika maisha yake ya kila siku. Neno tulilo nalo leo asili yake ni Kiarabu. Kwa hiyo alikitaja kitu kwa tabia yake, naye alitaja sawasawa, kwani wingu haliitwi baridi. Wachaga nao walikuwa na habari ya watu waliopelekwa mlimani kuleta kitu kile cheupe, wakarudi wamedhurika mikono na miguu. Rebmann aliiandika. Kwa mwenye kuipima, hiyo ni maelezo ya baridi kali yanayotoka kwa watu walioipata. Kwa Cooley ilikuwa hekaya tu.

Nisije nikafahamika kuwa ugonjwa huu ni wa Waingereza peke yao. Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akaandika juu ya misikiti yake ya mbao na ndizi zake, alirudi Morocco akasadikiwa na wachache. Ibn Khaldun asimulia kuwa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye shaka, hata waziri mmoja akamwonya kwa kisa cha mtoto aliyelelewa gerezani. Mtoto huyo hakuwa ameona mnyama ila panya, na kila alipoelezwa habari za kondoo aliuliza kama ni namna ya panya. Ngome ya Yesu nayo ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, mwaka ambao Kirkman alianza kuichimba.

Kirkman anatuleta kwenye neno ambalo kwangu ndilo lenye uzito, nalo ni “dai”. Katika Kiingereza cha historia ya pwani, Wareno “huandika”, Ibn Battuta “hueleza”, lakini wenyeji “hudai”: wadai kuwa Shehe Mvita ndiye aliyeanzisha nasaba ya watawala wa mji, wadai kuwa kabla yake alikuwako malkia Mwana Mkisi, wadai asili ya Shirazi. Kitenzi hicho katika Kiingereza ni chepesi kidogo. Hutia shaka bila kushitaki. Wafasiri wetu, na wanafunzi wetu baada yao, walikigeuza neno kwa neno. Lakini katika Kiswahili anayedai ni mtu aliyekopesha, au aliyekwenda kwa kadhi. Anataka kitu kutoka kwa mwingine. Sentensi “Watu wa Mombasa hudai kuwa mji wao uliasisiwa na Shehe Mvita” inawasimamisha wenye mji mahakamani, mikono mitupu, wakiomba historia yao kwa hakimu asiyetajwa. Nimesahihisha insha nyingi zenye sentensi za namna hiyo, zilizoandikwa na vijana ambao bibi zao ni wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Sidhani kuwa vijana hao walikusudia kuwashitaki bibi zao.

Kuhusu asili ya Shirazi, yatupasa kwenda polepole, kwa kuwa hapa Kiingereza kilibadili shauri lake. Katika zama za ukoloni habari za Washirazi ziliaminiwa kupita kiasi, maana zilifaa: kama misikiti na majumba ya mawe yaliletwa na wageni, basi Mwafrika hakujenga kitu. Kirkman mwenyewe aliandika mwaka 1964 kuwa makumbusho ya kale ya pwani ni ya Waarabu na Waajemi walioarabika, si ya Waafrika. Mwaka uliofuata Neville Chittick alichapisha hoja yake kuwa hao Washirazi wa Kilwa walitoka pwani ya Banadiri, wala si moja kwa moja Uajemi. Baadaye, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lugha walipothibitisha kwa ushahidi madhubuti kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu na kuwa ustaarabu wake ulikua hapa hapa, Ushirazi ukaanza kuelezwa kuwa ni ishara tu, namna ya watu kujipa heshima. Ikawa ni adabu mpya ya kitaaluma kutoamini. Mzee wa Mji wa Kale aliyekuwa akisema neno lile lile tangu zamani alijikuta ameaminiwa kwa sababu mbaya, kisha akakanushwa kwa sababu njema.

Mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, katika miji sita ya pwani na mmoja wa bara. Miongoni mwa miji hiyo ni Mtwapa, iliyo karibu na Mombasa na iliyolipa taifa moja la Tisa Taifa jina lake, na Faza ya Bwana Daud. Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Ilionekana kuwa kwa wengi wa watu hao wa pwani, zaidi ya nusu ya urithi ulitoka Afrika, hasa kwa upande wa kike. Na kuwa tangu karibu mwaka 1000 waliingia wanaume wa Asia, walio wengi wakiwa wa asili ya Kiajemi. Urithi wa Kiarabu uliongezeka baadaye, baada ya 1500. Tarikhi ya Kilwa, ambayo Barros aliipata na kuitia katika kitabu chake cha 1552, ilikuwa imesema kuwa walikuja watu wa Shirazi na kuwa walifika takriban wakati huo.

Hili halimrudishi Kirkman kitini. Urithi wa damu si hati ya kumiliki ukuta, na mama zao waliowafundisha lugha walikuwa wa hapa. Wala Chittick hakukosea katika yote. Mtu mwenye babu Mwajemi aweza kabisa kuwa amekuja Kilwa kutoka Banadiri. Lakini waliosema kuwa Uajemi ule ulibuniwa tu ili kutafuta jaha wanapaswa kulitazama upya neno lao.

Kama ni hivyo, tuandikeje? Mimi sioni kuwa dawa ni kuacha kutia shaka. Mwanahistoria asiyetia shaka ni karani. Ninachoomba ni shaka iliyo sawa kwa wote, na maneno yake yatoke katika lugha tunayoiandika. Penye hati, iwe ya Kireno au ya Kiarabu, tuseme “yaandikwa”, na tumtaje mwandishi na aliyemtumikia, kwani afisa wa Goa naye alikuwa na sababu zake za kutia chumvi. Penye habari iliyopokewa kwa mdomo na yenye mnyororo, tuseme “yapokewa”, na mnyororo tuuandike. Pasipo mnyororo, “yasemwa”. Penye ngano, “yasimuliwa”. “Dai” tuwaachie mawakili.

Limebaki jambo la nguo. Tarikhi hiyo ya Kilwa yasema kuwa kisiwa kilinunuliwa kwa nguo ya kutosha kukizunguka chote, na hakuna mifupa itakayotuambia kama ndivyo. Bei ya nguo pwani ilikuwa kubwa na kisiwa ni kikubwa. Hata hivyo, kwamba ardhi ya Kilwa ilipatikana kwa mapatano na mwenyeji wake, na kwamba kilicholipwa ni nguo, si jambo la kushangaza kwa mtu yeyote aijuaye biashara ya bahari hii. Katika tafsiri ninayoiandaa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili nimeandika “yapokewa” kwa ununuzi, na “yasimuliwa” kwa urefu wa nguo.