Mfenesi

Mfenesi (Artocarpus heterophyllus) ni mti wa familia ya Moraceae, ndugu wa mshelisheli, wenye majani mabichi mwaka mzima. Asili yake ni India, kwenye milima ya Ghats ya Magharibi. Siku hizi hustawi pia Uganda, Brazili, na katika visiwa vya Unguja na Pemba.

Mafenesi hayaoti kwenye vitawi bali kwenye shina lenyewe na matawi manene, na ndivyo inavyopasa, maana moja laweza kupita kilo 30. Hakuna tunda la mti wowote linalolizidi ukubwa. Likiiva hunukia toka mbali, na si kila pua huipenda harufu hiyo. Mpasuaji hujipaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu kwanza, la sivyo ulimbo wake mweupe humganda na sabuni isifue dafu. Ndani, kila kokwa imefunikwa na nyama tamu ya manjano. Fenesi bichi hupikwa kama mboga. Kokwa, zenye wanga mwingi, huchemshwa au kuchomwa. Kuzitupa ni hasara.

Bangladeshi imelifanya fenesi kuwa tunda lake la taifa.