Ngumi Yenye Mpaka: Historia ya Karate kwa Watu wa Songea

Mji wa Songea umebeba jina la mpiganaji. Songea Mbano, nduna wa Wangoni wa Njelu, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika Mahenge mjini humo, penye makumbusho na makaburi ya mashujaa, kumkumbuka yeye na wenzake. Kwa hiyo karate ikizungumzwa Songea, haizungumzwi kwa watu wasiojua mafunzo ya kupigana. Ungoni ilikuwa na mafunzo yake zamani, na historia hii inaanzia hapo.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya Mfekane. Mwaka 1835 walivuka Zambezi wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa baadhi yao walishuka hadi nchi ya Ruvuma. Vijana walipangwa katika vikosi kwa marika. Mndendeule au Mpangwa aliyetekwa vitani aliingizwa kikosini, akapewa ngao na mkuki, akafuata amri na heshima za humo, na kwa ushujaa wake aliweza kupanda cheo. Baada ya kizazi kimoja au viwili watu wa asili nyingi walikuwa wakijiita Wangoni. Hiyo ndiyo sifa ya mafunzo yaliyopangwa vizuri: hujenga jamii. Lakini vikosi hivyohivyo vilivamia majirani, vikachoma vijiji na kuteka watu. Nguvu ilikuwapo, nidhamu ilikuwapo, mpaka haukuwapo.

Suala hilo la mpaka ndilo walimu wa karate walilolishughulikia katika visiwa vya Okinawa. Huko mafunzo yalitolewa kwa siri, usiku, nyumbani kwa mwalimu, kwa wanafunzi wachache. Katika mji wa Naha, Kanryo Higaonna (1853–1915) alirudi kutoka China na ujuzi aliomrithisha Chojun Miyagi (1888–1953), mwasisi wa Goju-Ryu, mtindo unaounganisha ugumu na ulaini. Katika mji wa Shuri, Anko Itosu aliingiza karate katika shule ya msingi mwaka 1901. Tangu hapo ikawa mali ya watoto wa mji mzima, na mwalimu akalazimika kujibu swali la mzazi: mwanangu ataitumiaje ngumi hii kwa mwenzake?

Jibu lilitolewa vizuri na Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922. Alifundisha kwamba karate huanza kwa heshima na kuishia kwa heshima, na kwamba mwanakarate hapigi kwanza. Katika madojo, yaani kumbi za mazoezi, ya Shotokan, mtindo uliotokana naye, wanafunzi hukariri mambo matano kila mazoezi yanapokwisha: kutafuta ukamilifu wa tabia, kuwa mwaminifu, kujitahidi, kuheshimu wengine, na kujizuia na ukatili. Mpaka ambao vikosi vya kale havikuwa nao, hapa unakaririwa kila siku na mtoto wa mkanda mweupe na mzee wa mkanda mweusi kwa pamoja.

Tanzania iliipokea karate wakati wa kuijenga nchi. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Bunge lilipitisha Sheria Namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Siasa za ukombozi ziliwavuta Dar es Salaam Wamarekani weusi wengi, na Juni 1974 mji huo ukawa mwenyeji wa Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika. Mmoja wa Wamarekani hao alikuwa Sensei Nantambu Camara Bomani. Mwaka 1973 alianza kufundisha Goju-Ryu jijini, na dojo lake katika shule ya Zanaki likajulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Jina lilitangaza shabaha tangu mlangoni: ni kujilinda, si kushambulia.

Mwaka huohuo wa 1973 Bruce Lee alifariki dunia na filamu yake Enter the Dragon ikatoka. Vijana wa Afrika Mashariki walijaa kwenye kumbi za sinema kumtazama. Kijana aliyetoka sinema akaenda dojo alikuta kazi ya namna nyingine. Anavua viatu, anainama, anasimama kwenye mstari kufuatana na mkanda wake. Anaanza na kihon, yaani ngumi, mateke na vizuizi vya msingi. Inafuata kata, mfululizo wa mapigo dhidi ya adui asiyeonekana. Kumite, yaani wawili kupambana, huja baadaye. Kata ya msingi ya Goju-Ryu ni Sanchin: hatua fupi, mwili umekazwa, pumzi inatoka tumboni, na mwalimu anapita akikugonga mabega kupima uthabiti. Kata hiyo moja hurudiwa kwa miaka. Wengi waliotaka kuruka kama kwenye filamu waliacha, na waliobaki ndio waliogeuka walimu.

Hivyo ndivyo sanaa hii ilivyokua nchini, mwanafunzi akizaa mwanafunzi. Goju-Ryu ilitoka Zanaki ikasambaa kwa mikono ya waliofundishwa pale. Shotokan nayo ilijenga shina lake, na chini ya JKA, chama cha karate cha Japani, mwalimu wake mkuu akawa Jerome Mhagama, jina la ukoo lisilo geni masikioni mwa watu wa Ruvuma. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alifanya kazi ya namna hiyohiyo kwa judo tangu miaka ya 1990.

Mwaka 2021 karate iliingia Olimpiki ya Tokyo, na Ryo Kiyuna, mwana wa Okinawa, akatwaa dhahabu ya kata. Mwaka 2024 huko Paris ilikuwa imeondolewa. Madojo hayakufungwa. Mchezo ulioishi kwa maadili haufi kwa kukosa medali.

Songea inajua uchungu wa kutegemea vikombe peke yake. Timu yake ya kandanda ya Majimaji, Wanalizombe, ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998, ikaujaza mji fahari. Mwaka 2018 ilishuka kutoka Ligi Kuu. Tuipende na kuiunga mkono, lakini kijana wa Lizaboni au Bombambili anahitaji pia uwanja usiomwacha timu inaposhuka. Karate haidai uwanja wa nyasi. Inadai sakafu safi, mwalimu mwenye cheo kilichothibitishwa, na muda wa saa mbili jioni, mara tatu kwa wiki.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye dhamana. Walimu wakuu, fungueni madarasa yenu jioni, kama Shuri ilivyofanya mwaka 1901 na Zanaki mwaka 1973. Viongozi wa vilabu, andikeni katiba, mpitie kwa afisa michezo wa Manispaa na msajiliwe kama sheria inavyotaka. Wazazi, waleteni wasichana pamoja na wavulana, mkae mtazame mazoezi, na mkimbieni mwalimu anayefunga mlango ili msione. Na wewe mwalimu, kabla hujamfunza mtoto wa Songea kupiga, mfunze lini asipige. Asiyeweza kufundisha hilo asipewe watoto wetu.